Moyo wa ng'ombe

Juzi, sokoni Kikula, harufu ya topetope lililoiva ilinirudisha utotoni kwetu.

Siku zile kiwanda kilikuwa kimeacha kumlipa baba, na nyama tulikuwa tumeisahau. Mchana mmoja mama akasema, “Leo tutakula moyo ya ngombe.” Nikakimbia kuwatangazia watoto wa jirani, nao wakaja na sahani zao.

Mama akatoka bustanini na topetope kubwa jekundu lenye umbo la moyo, la kwanza la mti wake, likinukia kama maziwa yenye sukari.

“Mama, nyama iko wapi?” niliuliza, karibu kulia.

“Moyo ya ngombe ni hii tunda!”

Baba, aliyekuwa hazungumzi siku hizo, alicheka mpaka akakohoa. Mama akatugawia sote kwa kijiko. “Mukule, batoto.”

Sasa najua jikoni hamkuwa na kitu kingine, naye hakumrudisha mtoto hata mmoja.