Matembe Wangu Kumi na Wawili

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri, wekeni simu chini, na msitafute mafunzo. Mafunzo yalikuwa kwenye karatasi tuliyoletewa na bwana mmoja wa mifugo, na mtaona yalitufikisha wapi. Mimi niliishia darasa la tatu, mwaka ambao mto ulibeba shule. Shule nyingine ilipojengwa, nilikuwa tayari na mtoto mgongoni. Kwa hivyo naandika ninavyosema. Anayetaka Kiswahili cha kupambwa aende Kipini, wakwe zangu wako huko, watamhudumia.

Habari yenyewe ni ya kuku. Tembe ni kuku jike aliyekua lakini hajaanza kutaga. Anakula kama mtetea, anatembea kama mtetea, anakuangalia kwa dharau kama mtetea, ila kazi hafanyi. Mimi nilikuwa na kumi na wawili.

Kabla ya hao nilikuwa na kuku wa kawaida, wale wenye miguu mirefu wasiomshukuru mtu. Mafuriko ya mwisho yalipokuja, sisi tulikimbilia kwenye tuta la barabara ya Garsen, tukakaa chini ya turubai, kuku wakabaki nyuma. Tuliporudi nilimkuta mmoja juu ya paa. Naye alikufa siku ya tatu, nafikiri ni kwa hasira.

Hapo nikawa mwanamke asiye na yai. Hamjui maana yake, kwa hivyo nawaeleza. Kwetu mbuzi ni wa mwanamume, hata kama anayemfungua asubuhi na kumfunga jioni ni mwanamke. Lakini kuku ni wa mwanamke, na yai ni lake, halina mjadala. Mgeni akija ghafla, yai linakuokoa. Mtoto akitoka kwenye homa, yai. Ukitaka jirani aje akusaidie kupalilia mpunga, humpelekei maneno matupu, unampelekea mayai kwenye kikapu. Mwanamke asiye na kuku anaomba kila kitu kwa mumewe, mpaka chumvi. Nilikaa hivyo misimu miwili. Mume wangu hakuninyima chumvi, lakini kila nikiomba alikuwa anauliza, "Ile ya juzi imekwenda wapi?" Kama kwamba chumvi hurudi.

Nilikuwa na mbuzi jike mmoja niliyepewa na ndugu yangu, na huyo alikuwa wangu kweli. Nikampeleka Garsen nikabadilisha na matembe kumi na wawili wa kisasa, wekundu, wanene, waliochanjwa. Yule bwana wa mifugo alikuwa amekiambia kikundi chetu cha akina mama kwamba kuku hawa wakitimiza miezi mitano wanataga bila kuombwa. Alikuwa na picha kwenye karatasi. Kwenye picha kuku alikuwa anacheka.

Mume wangu aliwaangalia waliposhushwa kwenye pikipiki.

"Hao ndio mbuzi wetu?"

"Mbuzi alikuwa wangu."

"Sawa. Hao ndio mbuzi wako?"

Kisha akaenda kukaa kwenye mtumbwi wake.

Huo mtumbwi lazima niwaeleze. Mafuriko yalitukuta mtumbwi uko mtoni, una ufa, kwa sababu watoto waliuacha juani. Mzee wangu aliapa kwamba hatakutwa tena. Maji yalipopungua aliuvuta mpaka uani, akaujengea kibanda cha makuti, akaufunika kwa mikeka mikuukuu ili jua lisiupasue, na akapiga marufuku: asiuguse mtu, asiukalie mtu, asiinue mkeka mtu, mpaka siku ya maji. Kisha akaweka kiti chake kando yake na redio juu ya kiti kingine. Kila siku kutoka chai ya asubuhi mpaka mchana yuko hapo, anasikiliza kama mabwawa ya juu yamefunguliwa. Redio aliifungua kwa sauti ya kusikika ng'ambo, maana masikio yake siku hizi yanachagua.

Basi nyumba yetu ikawa nyumba ya kungoja. Yeye alingoja maji, mimi nilingoja yai, na binti yetu wa mwisho alingoja mume. Alikuwa ameposwa na kijana wa Kipini, na wakwe walisema watakuja kututembelea mpunga ukishavunwa.

Mjukuu wangu, yule aliyesomea mambo ya mifugo chuoni na hajapata kazi, ndiye aliyejenga banda. Lilikuwa juu ya miguu minne, lina ngazi, lina dirisha. Nyumba niliyozalia watoto saba haikuwa na dirisha. Ndani alitengeneza visanduku sita vya kutagia, akaweka nyasi laini, akatundika gunia mlangoni ili kuku wapate faragha. Nilimuuliza kama tuwawekee na kioo. Alisema hilo halikuandikwa.

Miezi mitano ikatimia. Kila asubuhi nilipanda ile ngazi, mimi na magoti yangu, nikaingiza mkono katika visanduku sita. Nyasi laini. Nikashuka.

"Nyanya, wacha presha," mjukuu aliniambia. "Hao kuku wako fiti. Kilemba chao kishakuwa chekundu, hiyo ni dalili."

"Nguo yangu ya harusi ilikuwa nyekundu pia. Haijataga."

Akasoma kwenye simu yake kwamba tembe hufundishwa. Unamwekea yai la uongo, la jiwe, akiliona anapata wazo. Jiwe utalipata wapi huku kwetu? Chimba mpaka uchoke, ni matope juu ya matope. Akachuma maembe machanga, yale madogo ya mviringo, akaweka moja katika kila kisanduku. Kesho yake kuku walikuwa wameyadonoa manne. Mawili yaliyobaki mzee aliyakata akayala na chumvi. Ile chumvi hakuuliza imekwenda wapi.

Nikawaongezea chakula. Nilisaga makoa, yale magamba ya konokono wa mto, nikachanganya na pumba za mpunga na vichwa vya kambare. Walikula vizuri kuliko mimi. Asubuhi nikiwafungulia, walikuwa wanatawanyika uani kifua mbele kama wake za wakubwa wanaotembelea wenye njaa.

Jirani yangu Muorma, anayeniletea maziwa, alikuwa hakosi neno. Kwao zamani kuku hakuwa chakula, na mpaka leo yeye binafsi hamli wala hali yai lake.

"Dada, bado unangoja ndege?"

"Bado, dada."

"Ng'ombe wangu akichelewa namwelewa, amebeba ndama. Huyu wako amebeba nini?"

"Siri."

"Basi aitoe Mungu." Akacheka mpaka akamwaga maziwa, nikafurahi kidogo.

Mwezi wao wa sita ukaingia, mpunga ukavunwa, wakwe wakaleta habari kwamba wanakuja Jumamosi, watu kumi na watano. Mzee alizima redio, jambo ambalo hakulifanya hata nilipovunjika mkono.

"Tutawapikia nini watu wa Kipini?"

"Una mbuzi," nikamwambia. "Una yule beberu."

"Beberu ni mbegu. Wewe una kuku kumi na wawili wasiofanya kitu. Kuku asiyetaga ni mboga inayotembea."

"Watataga."

"Lini?"

Nikashika ungo nikaanza kupepeta. Akasema mbele ya binti, mbele ya mjukuu, mbele ya jirani na kibuyu chake: "Nakupa mpaka Ijumaa saa sita. Nikiona yai moja, nachinja beberu. Nisipoliona, wanaingia sufuriani wote."

Mnaelewa maana yake. Mbuzi wangu alishakwenda. Kuku wakiliwa, nitabaki bila mbuzi, bila kuku, bila yai, mpaka nife nikiomba chumvi. Nilisema sawa, kwa sababu nilikuwa na kiburi, na kiburi ndicho pekee kilichokuwa kinataga pale nyumbani.

Sasa nawaambia kosa langu, na msinicheke, mimi nimefuga kuku tangu sijaota meno ya pili. Hao matembe walikuwa wanatetea. Ndiyo, nilikuwa nawasikia. Kila asubuhi, jua likishapanda kidogo, ko-ko-ko-kodaa! Lakini anayeishi kando ya mto huu anajua kwamba kuku akitetea hivyo asubuhi, kenge ametoka kwenye migomba. Kenge ndiye aliyenilia kuku na mayai maisha yangu yote. Kwa hivyo kila walipotetea nilichukua fimbo nikakimbilia migombani, upande wa mto. Sikumkuta. Nikasema, kenge wa siku hizi ana mbio. Mwezi mzima nilimkimbiza mnyama ambaye hakuwepo, nikarudi nikihema, na mzee kutoka kitini kwake ananiuliza, "Umemkosa tena?"

"Nimemkosa."

"Na hao kuku wako hata kenge hawataki. Wanajua hakuna yai."

Alhamisi ikapita. Ijumaa asubuhi nikapanda ngazi. Nyasi laini. Niliposhuka nilimkuta mzee ananoa kisu kwenye tofali, polepole, ili nisikie vizuri. Mjukuu alikuwa ameketi kwenye ngazi ya banda lake, anafuta macho na kujifanya ni moshi. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Nami nikafanya ninalofanya nikiwa na uchungu: nikashika fagio. Nikafagia ua wote. Nikatoa mikeka ya ndani, nikaitandaza, nikaona haitoshi watu kumi na watano. Nikaenda kwenye mtumbwi.

"Hiyo haiguswi," akasema mzee.

"Wageni watakaa wapi?"

"Watakaa popote. Mikeka ya mtumbwi haiguswi mpaka siku ya maji."

"Watu wa Kipini wakae kwenye vumbi, wakaseme kwao tumewaketisha kama ngamia?"

"Nimesema."

Miaka arobaini na zaidi nimemsikia mtu huyu akisema. Nikaushika mkeka nikauvuta.

Kuku alitoka kama kofi. Alimpita mzee usoni, akaangusha redio, akapanda juu ya kibanda cha makuti, akaanza: ko-ko-ko-kodaa! Na mle ndani, upande wa tezi, nyuma kabisa, ambako mzee mwenyewe ameweka majani makavu ya migomba ili mbao isipasuke, palikuwa na mayai. Nilihesabu mpaka arobaini nikaacha. Katikati yake alikuwa bado amekaa mwingine, jicho moja kwangu, hataki kuondoka, ana kazi.

Mlango wao ulikuwa nyuma, pale mkeka ulipoinuka kidogo, hatua mbili kutoka mgongo wa mzee. Kumbe kila asubuhi walipanga foleni nyuma yake kimya, wakaingia mmoja mmoja, wakataga, wakatoka wakatangaza, na yeye kwa redio yake hakuwasikia. Na mimi nilikuwa migombani na fimbo. Pahali penye kivuli, pana giza, pana joto, hapaguswi na mtoto wala mbwa wala mke, na mlinzi yuko mlangoni asubuhi nzima. Nani angetaga kwenye sanduku lenye dirisha?

Mzee aliangalia mayai. Akaangalia kisu.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba ni kuku wazuri."

Tuliyapima kwenye sufuria la maji, maana yaliyokaa sana huharibika. Yai zima huzama, yai bovu huelea. Tulitupa kama kumi. Mengine yakalala chini ya maji kwa adabu. Mjukuu aliyapanga kwenye kikapu akayapiga picha, halafu akaniuliza kama ile karatasi ya bwana wa mifugo ilitaja mtumbwi. Nikamwambia aiongeze kwa kalamu yake.

Saa sita kabla haijafika, beberu alichinjwa. Alilia kidogo. Mzee alilia zaidi, lakini alisema ni vitunguu.

Jumamosi wakwe walikuja na Kiswahili chao chote. Waliketi juu ya mikeka ya mtumbwi, wakala wali na nyama, na mama mkwe wa binti nikampa yeye peke yake mayai sita ya kuchemsha kwenye sahani yangu ya maua. Alimenya moja, akalikata, akaona kiini kilivyo cha manjano.

"Mashallah. Haya ni ya kununua?"

"Ya kwangu," nikamwambia. Neno hilo juu ya yai nilikuwa sijalisema tangu mafuriko. Nikalirudia ili mzee asikie juu ya redio, na redio siku hiyo ilikuwa imezimwa. "Ni ya kwangu."

Jirani yangu alikuja na maziwa ya wageni. Nikamwonyesha kikapu. Akauliza yametoka wapi, nikamwonyesha kwa kidole. Akaniambia, "Dada, mtumbwi umezaa."  Nikampa mayai kumi awapelekee wajukuu zake, ambao wanakula, bibi yao asipotazama.

Wageni walipoondoka, mzee aliichukua mikeka, akaanza kusema kwamba sasa kuku wasitage humo tena, mtumbwi usafishwe, kuku wafundishwe kwenda bandani kwao, kwa sababu maji yanaweza kuja wakati wowote na yeye hatakutwa tena. Nilimwacha amalize. Kisha nikawaita wote uani, binti, mjukuu, na yeye, nikasimama kati yao na mtumbwi nikawaambia:

"Mikeka irudi pale ilipokuwa. Kiti cha mzee kirudi pale kilipokuwa, na asubuhi akae hapo kama kawaida, maana kuku wamemzoea. Lile banda lenye dirisha atie mbuzi wake waliobaki. Mtumbwi asiuguse mtu. Na siku maji yakija, wapande kuku kwanza na mayai yao, halafu watoto, halafu mimi. Mzee ashike redio juu ya kichwa, atufuate kwa miguu mpaka barabarani."