Zizi Lililo Chini ya Ziwa

Nilipokuwa mtoto pale Ngezi, Bunia, niliamini kwamba kaka yangu Deo anaishi chini ya Ziwa Albert. Alipanda pirogi, mtumbwi wa kwetu, siku za kukimbia vita, na pirogi haikufika ng'ambo. Amani ikarudi, ile amani yetu ya kulala na viatu miguuni. Deo hakurudi.

"Zamani kulikuwa kijiji," alinieleza Koko, mama yake baba. "Walimunyima mugeni maziwa, maji ikawafunika. Ng'ombe zao ziko kule mpaka leo. Deo anazichunga."

Baba alichoka kungoja. Kwetu aliyepotelea majini huzikwa kwa mgomba: unakata kigogo cha kimo chake, unakivika shati lake, unakizika, matanga yanakwisha. Kigogo kilikuwa tayari kimeegemea ukuta, kimevikwa shati la Deo. Koko akakaa mlangoni.

"Utamuzika mutu akiwa angali muzima?"

Alitaka kwanza mtoto mwenye pengo la jino akaangalie, maana mtoto wa hivyo huona kilicho majini. Jino jipya likitoka, macho hayo hufumba. Baba akakubali ili yaishe. Mimi nilikuwa na pengo, ila jino lilikuwa limeshaanza kuchomoza. Nilifunga mdomo njia nzima hadi Kasenyi, ukingoni mwa ziwa.

Asubuhi ziwa lilikuwa limelala. Mvuvi aliyetupakia mimi, baba na Koko aliacha kupiga kasia, nikainama. Chini ya ule ukijani niliona mawe meusi, makubwa, yamejipanga mviringo, na mwanya upande mmoja, pale ng'ombe wanapoingilia. Majani ya majini yalikuwa yakitembea ndani taratibu. Mpaka leo huyaota.

"Unamuona?" Koko akauliza.

Hapakuwa na mtu. Baba alikuwa akitazama mikono yake.

"Deo iko, Koko. Anakamua."

"Amenenepa?"

"Amenenepa."

Nyumbani baba alilivua shati kwenye kigogo, akamrudishia Koko. Kigogo wakala mbuzi.

Kila jioni, miaka sita, Koko aliweka kando kikombe cha maziwa cha Deo. Alipozidiwa aliniita.

"Ile siku jino yako ilikuwa imetoka. Niliiona," akasema. "Aksanti, mwanangu. Sasa munizike na shati yake."

Nimesikia baadaye kwamba maji yenyewe huweza kuyapanga mawe hivyo. Sibishi. Lakini nilikuwa nimejisifu miaka yote kwamba nilimdanganya Koko kwa huruma, kumbe yeye ndiye aliyenihurumia, asiniache niseme kwa kinywa changu kwamba kaka amekufa. Tulimzika na lile shati, na siku hiyo ndipo nilipomlilia Deo.