Kumchunguza Mtu wa Noxubee

Dada yangu hampendi mtu siku ya kwanza. Mwaka 2019, binti yake alipomleta mchumba nyumbani kwao Arlington, huku Marekani, alimkalisha mezani akamhoji kama afisa uhamiaji. Kijana alikuwa Mmarekani mweusi, fundi viyoyozi, mpole, na alikula ugali kwa mkono bila kuelekezwa. Hilo la ugali nalo lilimtia dada wasiwasi. Alitaka kujua kafundishwa na nani.

Akamwuliza kwao wapi. Kijana akasema kwao hasa, kabla wazazi hawajahamia Houston, ni Noxubee, jimbo la Mississippi. Kwenye chai akaulizwa dini ya babu yake. Mbaptisti, akasema, alibatizwa kwa kuzamishwa Noxubee. Na baba yake ujanani alifanya kazi gani? Baharia wa jeshi, kwenye Noxubee.

Kijana alipoondoka tu, dada akanigeukia. "Huyu kakariri jibu moja kama mtoto wa mtihani. Kwao Noxubee, ubatizo Noxubee, kazi Noxubee. Bado mke tu."

Binti yake akajibu kwa Kiingereza kwamba Noxubee ni mto, na kaunti ikaitwa kwa jina la mto. Nilikuwa nimeshafungua simu. Ni kweli. Jina ni la Wachoctaw, waliokaa huko kabla ya kuhamishwa kwa nguvu, na inasemekana lina maana ya kunuka. Jeshi la majini nalo lilikuwa na meli ya kubeba mafuta yenye jina hilo. Nikamkumbusha dada kwamba hata kwetu Kigoma kuna meli iliyopewa jina la zamani la ziwa.

"Vizuri," akasema. "Kama wewe umeyapata hapo ulipokaa, yeye angeshindwa?"

Mimi pia jambo hilo lilinisumbua. Mtu azaliwe karibu na mto, halafu katika meli zote za Marekani apangiwe ile yenye jina la mto huo? Nilifanya kazi redioni miaka mingi kabla ya kuja huku. Habari inayokaa vizuri pande zote, naigeuza nione mgongo wake.

Kwetu posa haipokelewi kabla ukoo wa mwanamume haujajulikana: ni watu gani, wametoka wapi, wamekosana na nani. Kwenye familia yetu kazi hiyo ni ya mjomba, na mjomba ni mimi. Dada alisema wazi kwamba nisiporudi na ukoo, washenga wasikanyage kwake, na binti akaolewe mahakamani bila mama. Binti alianza kuosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa.

Jumamosi nikaendesha mpaka Houston. Baba wa kijana, aliyefiwa na mkewe, alikuwa anaishi mtaa wa Alief, nyuma ya duka la Mnaijeria. Alinipa kiti cha ndani, yeye akakaa upande wa mlango.

Nilianza na meli. Nikauliza mambo madogo ambayo mwongo hayaandai: walilala wapi, walivuta wapi sigara, chakula kilikuwaje. Akasema kila kitu kilinuka petroli, hata mkate. Na alifikaje kwenye meli ile? Karani wa jeshi alisoma anakotoka, akacheka, akampeleka huko kwa utani. Sikuweza kulithibitisha hilo, na mpaka leo sijalithibitisha.

Kisha ukoo. Baba yake alimtaja. Babu yake alimtaja, na kaburi lake, nyuma ya kanisa ambalo mto ukijaa halifikiki. Baba wa babu alikuwa na jina moja tu. Na kabla ya huyo? Akageuka kutazama mlango. Nikauliza tena kwa njia nyingine, kama nilivyozoea kazini. Hakugeuka. Nikajiambia, hapa ndipo habari inapochanika.

"Ukivuka hapo," akasema, "tumeandikwa umri na jinsia kwenye daftari la watumwa. Jina hakuna. Nimetafuta miaka. Ukipata zaidi, nipigie."

Akainuka, akamimina kahawa, akasema sasa ni zamu yake. Niliingiaje nchi hii? Binti anamtaka mwanawe, au anataka karatasi za kukaa Marekani? Alikuwa ameshamwuliza mwenye duka kuhusu Watanzania, akaambiwa ni wapole mno, awachunguze. Lile swali la karatasi aliliuliza mara mbili, mara ya pili kwa kuzunguka. Niliitambua kazi hiyo.

Nikampigia dada nikiwa mbele ya duka.

"Ukoo?"

Nikamwambia unafika kwa baba wa babu, kisha unakatika.

"Amekataa kusema?"

"Hana cha kusema, dada. Waliuzwa."

Akauliza, kwa sauti ya chini, sasa tutamwuliza nani. Nikamwambia tumwulize huyu aliyepo, ambaye naye hana imani nasi hata kidogo, na anataka kujua kama binti yetu anafuata karatasi.

"Binti yangu? Mwenye pasipoti ya Marekani tangu yuko shule?" Nilimsikia akivuta kiti. "Mwambie aje aniulize mimi, usoni."

"Aje na nani?"

"Na washenga wake. Waje wote. Na mimi nina yangu ya kuuliza, nianze na hiyo meli."