Maneno Yangu Juu ya Daraja la Chuma

Wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu, alirudi kwetu kutoka Murangi ndoa yake ilipovunjika. Ilikuwa miaka ile ya shida, sabuni ikipatikana kwa foleni ya kutwa nzima pale duka la ushirika. Tulikaa naye vizuri. Tulifua pamoja mtoni, chini ya daraja la zamani la chuma, lile lenye mbavu ndefu zilizopishana hadi juu.

Baadaye biashara ikafunguliwa. Barabara ya Bunda ikanyooshwa, na daraja la zege likajengwa mbali, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Ndipo wakaja wanunuzi wa vyuma chakavu, wakalizunguka daraja letu wakiligonga kwa nyundo.

Siku moja tukifua, nikamwambia wifi, "Wakilikata hili, mjamzito wa ng'ambo atafikaje zahanati? Lile jipya ni la magari. Sisi tuna miguu."

Alikuwa anakamua shuka.

Wiki iliyofuata mkutano wa kijiji uliitishwa, na injinia wa wilaya akaja. Mwenyekiti akauliza nani ana neno. Nilikuwa nalo, lakini sikuwa nimewahi kusimama mbele ya wanaume wengi vile. Nikiwa bado najishauri, wifi akasimama. "Lile jipya ni la magari," akasema. "Sisi tuna miguu."

Watu walipiga makofi. Hata injinia alicheka, akaandika kwenye daftari lake. Ikakubaliwa kwamba daraja lisikatwe, libaki la waenda kwa miguu, na wifi akaingizwa kwenye kamati ya kulitunza. Usiku ule mume wangu alikula akimsifu dada yake. Mimi niliosha vyombo. Ningeweza kusema, "Yale yalikuwa maneno yangu," lakini nani angeniamini?

Tangu hapo sikumpenda tena. Alivyosalimiwa njiani kwa heshima, alivyoitwa kutoa ushauri, vyote viliniuma kama kitu nilichoibiwa.

Mbao za kukanyagia zilikuwa zimeoza, na kamati ikaomba kila nyumba itoe moja. Sisi tulikuwa na mbao mbili za mninga chini ya kitanda. Mume wangu akaniambia nipeleke moja. Sikupeleka. Niling'oa ubao uliooza wa banda la mbuzi, nikaufuta matope, nikaupeleka ukiwa umegeuzwa upande mzuri juu. Nilitaka kazi yake ionekane mbovu. Wifi aliupokea bila kuukagua, maana ulitoka nyumbani kwake.

Mvua zilipokolea tulikuwa tunaenda mashine ya kusaga, yeye mbele na debe la mahindi kichwani. Tukiwa darajani nikasikia ule ubao ukivunjika. Mguu wake ukazama hadi pajani, mahindi yakamwagika mtoni. Nilimshika kwapani nikamvuta, damu ikanilowesha khanga. Nilimbeba mgongoni hadi zahanati, akashonwa.

Jioni, nikimwosha kidonda, nilimwambia yote: ubao, banda la mbuzi, na kwa nini.

Aliutazama mguu wake. Kisha akasema, "Wifi, mimi nilikuwaga nakuangalia wewe mkutanoni pale. Nilingoja usimame. Ungesimama, mimi ningekaa."

"Mbona hukusema yalikuwa maneno yangu?"

"Walishaanza kupiga makofi," akasema. "Hakuna mtu aliyewahi kunipigia makofi."

Nilimaliza kumfunga kidonda. Kesho yake nilimwambia mume wangu yote, akapeleka ubao wa mninga yeye mwenyewe. Hakuniongelesha kwa siku kadhaa.

Wifi alipopona alihamia Musoma kuuza mitumba, na kamati ikanichagua mimi kushika nafasi yake. Nimeishika miaka mingi. Nakagua kila ubao kwa kuurukia, watu wananicheka. Lakini wageni wakiuliza nani alilinusuru daraja, kina mama wanamtaja wifi, nami naitikia kwamba ndiye. Ni kweli, yeye ndiye aliyesimama. Hata hivyo nikiitikia huwa nabana meno kidogo, na mpaka leo sijaweza kuacha.