Mkeka Uliouzwa Usitoke Tovutini

Bi Tima wa Kipungani amepatana bei na wenye hoteli, na watalii, na mama wa maharusi, na hakuna aliyewahi kumfunga mdomo. Siku Yassir, mtoto wa dada yake, alipomfungulia tovuti ya mikeka yake kwenye simu, mdomo ulifungwa. Kijana aliijenga mwenyewe tangu mwanzo, mstari kwa mstari, bila kuazima kipande cha mtu. Mtandao wa Kipungani ni wa kubahatisha, lakini ukurasa ulifunguka kabla hajamaliza bismillahi.

"Subhanallah! Na huko Ulaya waiona hivi hivi?"

"Hivi hivi, mama."

Lakini mkeka wa harusi hausukwi mara mbili. Msukaji hupanga rangi kwa kichwa chake. Ukishauzwa, ndio basi. Mkeka mwekundu ulipochukuliwa na watu wa Shela, tovuti iliendelea kuuonyesha. Kuutoa kulimtaka Yassir aingie ndani ya maandishi aliyoijengea tovuti, naye alikuwa Kiwayu akitengeneza kompyuta za hoteli, simu haipatikani.

Bi Nana, mteja wake, akapiga simu kutoka Mtangawanda, kisiwani Pate. "Bi Tima, ule mwekundu niwekee. Binti yangu hataki mwingine."

"Umeshauzwa, Bi Nana."

"Mbona nautazama hapa? Au waniuzia kivuli?"

Bi Tima akakata, akampigia Yassir tena: bado hapatikani. Mikeka yasukwa na wengi. Watu humfuata yeye kwa sababu neno lake ni moja. Ijumaa, harusini Lamu, wanawake walishaanza kucheka: "Mikeka ya Tima ni ya kuangalia tu!"

Yassir aliporudi alimkuta akimngoja.

"Iko mifumo ya duka ya tayari," alikiri. "Waandika neno la siri, wabonyeza, mkeka unaondoka. Lakini ni mizito, mama, na sura zake ni za kila mtu."

"Mizito vipi?"

"Utasubiri ukurasa ufunguke."

"Nasubiri mkeka miezi, nishindwe na ukurasa? Hamisha."

"Na kazi yangu yote ile?"

"Nzuri, sikatai. Lakini duka ni langu, na ufunguo waenda nao Kiwayu. Zipunguze picha uzito, unifundishe mpaka nijue, na mkeka wa harusi yako utakuwa juu yangu."

Yassir akacheka, akakubali.

Mkeka wa zambarau uliponunuliwa, Bi Tima alinawa rangi mikononi, akaandika neno la siri, akabonyeza. Kisha akampigia Bi Nana.

"Fungua tovuti. Waona nini?"

"Yazunguka… bado yazunguka… Tima! Wa zambarau asubuhi ulikuwapo. Umekwenda wapi?"

"Nimeuuza, nikautoa."

"Wewe? Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

Hakuna boti iliyoondoka gatini, wala mjumbe aliyetumwa, na alilolifanya barazani kwake lilikuwa limefika Pate kabla vidole havijakauka. Bi Tima aliitazama simu kama kitu kinachopumua.

"Basi huo wa kijani," Bi Nana alisema hatimaye, "naamini upo. Utoe, ni wangu."

"Tupatane bei kwanza," Bi Tima akasema, "ndipo niutoe."