Niliapa Sili Kuku

Hadi leo nikipita soko la Bumula kuna watu hunililia kama kuku. Si watoto, watoto ningewaelewa, ni watu wazima, na mmoja wao ni mzee wa kanisa kabisa, ananiona nakuja na baiskeli yangu, anashusha miwani, anaangalia kushoto na kulia kama pasta hayuko karibu, halafu, "kwe-kwe-kwe-kweee!" Mimi napunga mkono nikicheka kama mtu aliyezoea, lakini wacha niwaambie ukweli, sijazoea. Basi kaeni niwaeleze jinsi nilivyojiaibisha, maana nikisema mwenyewe angalau naisema vizuri.

Mnaonijua mnajua mimi ni muuza vifaranga. Nina kibanda changu Bungoma mjini, nauza vifaranga, chakula chao, dawa zao, na ushauri wa bure (huo ndio hauna wateja). Sasa mwaka ule wa uchaguzi mke wangu Nekesa akaniambia, kwa mzaha tu, kwamba kwa vile mdomo wangu hauchoki si nisimame kiti cha MCA, nikawe mwakilishi wa wadi yetu ya nyumbani huku upande wa Bumula. Yeye alitania, mimi nikasikia wito. Vyama vikanikataa, sitasema vingapi, nikawa mgombea huru, na mgombea huru lazima atafute alama yake ya kuwekwa kwenye karatasi ya kura. Jogoo ilikuwa na chama chake tangu zamani, kwa hivyo mimi nikachukua kuku jike, amelalia mayai. Nikajiona mjanja sana, kwa sababu nani Bungoma hapendi kuku?

Kumbe mpinzani wangu naye alikuwa anafikiria. Anaitwa Mwalimu Protus, mwalimu mkuu mstaafu, mtu mpole ambaye hacheki hata kidogo, ndiyo maana anachekesha. Akaenda kwa hao watu wa uchaguzi akachagua alama gani? Sufuria. Haki ya Mungu, sufuria, ati inawakilisha chakula kwa kila nyumba.

Siku ya soko tukakutana, gari lake upande ule, pikapu yangu ya kukodi upande huu, picha yangu kubwa kwenye mlango na kuku wangu chini ya kidevu. Mwalimu akashika kipaza sauti, akauliza polepole kama yuko darasani, "Wananchi, kuku mwisho wake ni wapi?"

"Sufuriaaa!"

"Wale wa nyuma sijawasikia."

"Sufuriaaa!"

Watu walicheka bana, walicheka mpaka watu wangu wakacheka, hata yule aliyeshika bendera yangu alicheka mpaka bendera ikaanguka. Sasa hapo ndipo mtu mwenye akili angecheka pia, aseme habari ya barabara na maji, aende nyumbani. Mimi nikapanda juu ya pikapu na hasira zangu, nikapiga kelele:

"Sikizeni watu wetu! Kuanzia leo mpaka siku ya kura, mimi sili kuku! Siwezi kula alama yangu! Mtu akiniona nakula kuku, hata mguu, hata supu, asinipigie kura!"

Wueh! Akina mama wakapiga vigelegele, mzee mmoja akarusha kofia juu, nikashuka pale nikitembea kama mtu ambaye tayari anaapishwa. Nekesa alikuwa amesimama karibu na magunia ya maharagwe, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba Sifa, na ukienda kwetu utakula nini?"

"Si watanipikia maharagwe."

"Maharagwe," akasema. "Mkwe." Akaenda zake.

Wale ambao si wa kwetu niwaeleze kidogo. Kwetu mgeni wa maana hapikiwi maharagwe. Ikisikika tu kwamba unakuja, kuku inakimbizwa nyuma ya nyumba, na ikifika mezani firigisi inawekwa mbele ya mwanamume anayeheshimiwa zaidi, wengine hata kuiangalia hawaiangalii. Na mgombea kazi yake ni nini? Ni kuingia nyumba za watu kutoka asubuhi hadi jioni. Kwa hivyo kila mahali nilipoingia kulikuwa na kuku iliyokufa kwa ajili yangu, na mimi nasema hapana asante.

Nyumba ya kwanza mzee akaniuliza, "Unaogopa sumu?" Nyumba ya pili, "Ama yetu ni ndogo?" Wiki mbili hazikuisha maneno yakageuka, sasa ikawa, "Si huyu ndiye huuza vifaranga? Kama yeye mwenyewe hali, basi anajua alizidunga dawa gani." Nikajaribu kueleza kwamba ni kiapo, ni siasa, watu wanaitikia "ndiyo, ndiyo" huku wanaficha watoto. Kibandani nako mama mmoja akarudisha vifaranga sita ndani ya boksi, akaniambia nile kimoja mbele yake kwanza ndipo avichukue tena.

Na msifikiri mimi nilikuwa sawa. Nyinyi mnajua vile napenda kuku. Ilifika mahali nikiwalisha vifaranga wangu nawapangia maisha ya mbele, nikaona hii sasa ni ugonjwa.

Halafu ikafika siku ya kwenda kwa wakwe, na hapo siyo mchezo, kwa sababu kijiji cha kina Nekesa ndicho kilikuwa kinaamua huu uchaguzi. Upande wangu na upande wa Mwalimu tulikuwa tumelingana, ila kule kuna kikundi cha akina mama, wengi, wanaopiga kura kama mtu mmoja, na kiongozi wao ni mama mkwe wangu mwenyewe. Akisema tunaenda huku, wanaenda huku.

Mama alikuwa amefuga jogoo mmoja mwekundu tangu siku aliposikia nagombea. Sasa mimi na yeye hatuketi pamoja, mkono hatupeani, heshima ya mkwe ni heshima. Yeye hukaa jikoni, mimi hukaa sebuleni, na maneno hubebwa na Nekesa. Jogoo akaletwa, firigisi juu, imenona, inaniangalia. Nikameza mate, nikasema siwezi. Nekesa akachukua sahani, akaenda jikoni, akarudi.

"Mama anauliza kama amekukosea."

"Mwambie hapana! Mwambie ni siasa tu."

Akaenda, akarudi. "Mama anasema siasa ni yako, jogoo ni wake."

"Mwambie niliapa mbele ya watu."

Safari hii alikawia. "Mama amesema sawa. Amesema kama uliapa, uliapa."

Na Jumapili iliyofuata mama akasimama mbele ya wenzake nje ya kanisa (Nekesa ndiye alinisimulia, na alikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu harusi), akawaambia, "Mkwe wangu ni mtu wa neno lake. Mwanamume anayeweza kukataa firigisi ya mama mkwe hawezi kula barabara yenu. Mimi kura yangu nampa, na nyinyi mtampa." Kwa hivyo mjue, ilikuwa si kiapo changu peke yangu tena, mama naye alikuwa ameweka jina lake pale.

Sasa Kitale. Zilibaki kama siku kumi tupige kura, nilihitaji fulana, na wachapishaji wa Bungoma walikuwa wamejaa kazi za wagombea wenye nguvu, nikampata mmoja Kitale. Dereva alikuwa na homa, nikaendesha pikapu mwenyewe. Kufika, fulana hazijakauka, ati ningoje masaa mawili. Nikasema wacha nitafute chai. Chai tu! Nikaingia hoteli moja hapo mjini, na ile kuketi, harufu ikanipiga. Mhudumu akaja, msichana mchangamfu, "Karibu, kuku ya kienyeji imetoka saa hii."

Nikafikiria: hapa ni Kitale, kaunti ya wenyewe, nani ananijua? "Lete nusu na ugali," nikasema. "Na uniangalizie kama kuna firigisi." Akasema zimeisha ila kuna kuku nyingine jikoni, ataulizia.

Jamani, nilikula. Sitawadanganya, karibu nilie. Mbele yangu meza hiyo hiyo aliketi jamaa wa koti la kijivu anakula matumbo yake kimya kimya, mtu wa heshima, wala hakuniangalia. Nikiwa katikati ya paja nikasikia wimbo huko nje. Wimbo wa nyumbani. Tena wenye jina langu ndani.

Nikachungulia dirishani. Akina mama karibu ishirini, kitenge moja, wamezunguka pikapu yangu wanapiga makofi. Kumbe kikundi kilikuwa kimekuja upande wa Kitale kuonyeshwa mbegu mpya za viazi, wako kwa basi wanarudi nyumbani, wakaona picha yangu, wakamlazimisha dereva asimame wamsalimie mtoto wao. Maana mimi, mtu mwerevu, niliyekuja Kitale kwa sababu hakuna anayenijua, niliegesha uso wangu mlangoni mwa hoteli nikiogopa spika za pikapu zitaibiwa.

Nikasukuma sahani mbele ya yule jamaa. "Ndugu, karibu kuku."

"Asante, nimeshiba."

"Shika tu, ndugu, nakuomba!"

Wakaingia. "Mheshimiwaaa!" Mdomo wangu ulikuwa umejaa na kulikuwa na kamfupa hapa shavuni, kwa hivyo nikasimama nikaitikia kwa kichwa. Mmoja akasema, "Mbona haongei?" Mwingine akanitetea, "Ni uchovu wa kampeni, maskini." Halafu mmoja akaona ile sahani, akamwambia jamaa kwa utani, "Baba, wewe unakula alama ya mgombea wetu?"

Na yule mtu, Mungu ambariki, alikuwa mkweli. "Hapana mama, mimi changu ni matumbo. Hii kuku amenisukumia mheshimiwa hapa, saa hii."

Nikameza, kamfupa na yote. "Akina mama," nikasema, "hii ni kazi. Si mnajua mimi ni mtu wa kuku? Nilikuwa napima tu, naangalia Kitale wanapika namna gani..."

Hapo hapo mlango wa jikoni ukafunguka, na yule msichana akatoka na kisahani amekiinua juu, uso wote ni furaha. "Nani aliulizia firigisi? Imepatikana!"

Mama mkwe hakuwa ameingia. Alikuwa amesimama pale mlangoni, amegeuza uso pembeni kama inavyotakiwa. Aliposikia hilo neno akageuka. Miaka kumi na minne nimemwoa binti yake, hiyo ndiyo mara ya kwanza aliniangalia machoni, na heri angenipiga. Akavuta leso yake begani, akawaambia wenzake kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Twendeni nje. Mkwe wangu anakula."

Wakatoka wote, mmoja mmoja, hakuna aliyecheka. Kicheko nilikisikia wakishaingia kwenye basi, nacho kilikuwa kikubwa. Na kuna mmoja alikuwa amepiga picha, maana nilipofika Bungoma na fulana zangu mia na kuku wao kifuani, kila simu ilikuwa na mimi, mashavu yamejaa, mafuta ya kuku mdomoni.

Siku ya soko Mwalimu Protus hata hakuhutubia. Aliinua sufuria, akafunua kifuniko, akachungulia ndani, akafunika, akashuka. Watu walianguka chini. Mimi mwenyewe nilicheka, nitafanya nini?

Tukapiga kura. Kesho yake asubuhi nikazunguka na baiskeli nikisoma fomu za matokeo zilizobandikwa milangoni mwa shule, na sehemu nyingine sikufanya vibaya sana, ila kijiji cha kina Nekesa, kituo kizima, nilipata kura moja. Moja. Tangu siku hiyo watu wanane wamenivuta kando, kila mmoja kwa siri yake, kuniambia ile moja ilikuwa yake.

Jumamosi tukaenda kwa mama kuomba msamaha. Nikaketi sebuleni, nikamwambia Nekesa, "Mwambie mama nilimwaibisha mbele ya wenzake, na nimejua." Akaenda. Alikaa huko sana. Aliporudi hakuketi.

"Mama anasema ile kura ni yake."

Nikaanza, "Mwambie asante, mwambie..."

"Ngoja kwanza. Anasema usimshukuru. Anasema hakukupigia wewe, na hakupigia kuku. Alikuwa ameshasema mbele ya watu kwamba atakupigia, basi akapiga."

Nekesa akarudi jikoni kwa mama. Watu huniuliza kama nitasimama tena, na mimi husema tutaona. Lakini siku hizi nikiletewa kipaza sauti, hata kama ni kwa harusi, nasalimia, nasema jina langu, nakirudisha kwa mwenyewe.