Maji Safi kwa Macho

Juzi nilisimama kwenye ferme moja, shamba la ng'ombe la mlimani huko Mushaki, kununua jibini, nikamkuta fundi wa maji akipima kisima. Alichovya kikaratasi majini, tukangoja kidogo, kikageuka chekundu.

"Mama, iko nitrati mingi," alimwambia mwenye ferme. "Inatoka mu fose ya choo yenu, ile shimo ya pale juu."

"Lakini mayi iko safi! Na ya mutoto ninachemshaka kila siku."

"Kuchemsha inaua mikrobe, Mama, nitrati inabakia. Mukubwa anavumilia, lakini mutoto mudogo anakosa hewa mu damu."

Mama alimtazama mjukuu wake wa miezi miwili, aliyelala mkekani kando yake. Akachukua chupa ya maziwa ya unga aliyokwisha kumkorogea, akaimwaga nyasini. Kisha akatazama nyumba za bondeni.

"Na wale ba chini, banakunywaka mayi gani?"

Mama alikaza kitenge chake, akashuka mwenyewe kuwaambia choo chake huenda kimewaharibia maji.

Nimehudhuria mikutano mingi ya maji, ambako walio bondeni huwanyooshea vidole wa mlimani. Wa mlimani kushuka bila kuitwa, hilo nililiona Mushaki kwa mara ya kwanza.